Njia ya Kutoka Msikitini

Kilwa Kisiwani hakuna gari. Ukishuka chomboni mbele ya ngome inayoitwa Gereza, kila unachotaka kukiona utakifuata kwa miguu: misikiti, makaburi, visima, majumba ya masultani, mashamba ya mihogo na nyumba za udongo za watu wanaoishi humo hadi leo. Wapo wageni wanaoliogopa jua, wakamwomba nahodha awapeleke kwa boti moja kwa moja hadi chini ya jumba la Husuni Kubwa, wakapiga picha, na kabla ya adhuhuri wamesharudi Kilwa Masoko, ng'ambo barani. Hao wameona kuta. Habari ya Kilwa imo katika mwendo wa kutoka jengo moja hadi jingine: umbali wake, vivuli vyake, mteremko wa kwenda majini, na mizigo ambayo watu walilazimika kuibeba hapo katikati.

Hilo nililijua kwa sababu ya mama yangu. Likizo moja nilimpitia kwake tukasafiri pamoja kwenda kusini, maana alikuwa na hamu ya siku nyingi ya kukiona kisiwa alichokisikia tangu utoto. Mama ni mzaliwa wa pwani ya Lindi. Baba yake alikuwa mchoma chokaa, na yeye mwenyewe akiwa msichana alibeba mawe na maji ya kazi ile. Mimi nilikuja na daftari lenye majina ya masultani na miaka yao. Mama alikuja na kanga mbili, kobazi imara, na chupa kubwa ya maji ambayo alikataa katakata nimsaidie kuibeba.

Tulichukua kibali Kilwa Masoko, tukavuka asubuhi mapema kabla upepo haujashika. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa kisiwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa humu humu?"

"Wa humu humu, mama. Nyumbani ni pale nyuma ya mibuyu."

"Basi twende taratibu, utuonyeshe kwenu."

Gereza ndilo la kwanza kulifikia. Wareno waliokuja na Francisco de Almeida mwaka 1505 waliuteka mji wakajenga ngome mahali hapa, na mwaka 1512 wakaondoka; sehemu kubwa ya kuta zinazosimama sasa ni za wakati wa Waomani. Nilipokuwa nikiyaandika hayo, mama alikuwa amesimama penye ubavu uliobomoka, akipitisha kidole kwenye lipu.

"Chokaa hii iliiva," alisema. "Tena hawakuwa na haraka nayo."

Kijana akamwuliza amejuaje. Hapo tulipata somo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote nilichosoma kuhusu Kilwa. Magogo hupangwa kwa duara, alieleza, makavu chini na mabichi juu, na katikati huachwa nafasi ya kutia moto. Mawe ya matumbawe hurundikwa juu ya magogo. Moto ukiwashwa huachwa uwake usiku kucha, na anayeulinda halali, kwa sababu rundo likiporomoka upande mmoja mawe ya upande wa pili hubaki mabichi. Yakishaungua huwa meupe na mepesi, humwagiwa maji au huachiwa mvua mpaka yasambaratike yawe unga, kisha unga huo huachwa utulie. Mwenye haraka akiutumia mapema, ukuta wake utapasuka. Mwashi wa kale hakuwa na haraka, ndiyo maana ukuta ungali umesimama.

Kuanzia hapo niliuona mji kwa namna nyingine. Karibu kila kitu kilitoka baharini. Mawe ya kuta ni matumbawe ya kale. Nakshi za mihrabu na miimo ya milango zilichongwa kwenye matumbawe laini yaliyokatwa yangali mabichi chini ya maji, ambayo yakikauka huwa magumu. Chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali, vyumba vya majumba ya kale ya Waswahili ni virefu na vyembamba, hapa Kilwa na vilevile kule Lamu. Tajiri na sultani walilala katika upana ulioamuliwa na mti wa mikokoni.

Kutoka Gereza hadi Msikiti Mkuu ni mwendo mfupi. Nitausifu msikiti huu bila kubania, kwa sababu unastahili. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au ya 12. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliuongezea sehemu kubwa upande wa kusini. Nyongeza hiyo ilianguka, na katika karne ya 15 ikajengwa upya kwa nguzo, matao na kuba. Ukisimama ndani asubuhi, mwanga huingia kwa pembeni na matao hufuatana moja nyuma ya jingine hadi macho yachoke. Waliofanya kazi hii walijua hesabu, walijua uzito wa jiwe, na walijifunza kutokana na jengo lililowaangukia.

Mama alilizunguka lote, akagusa nguzo, akaomba dua fupi. Kisha akauliza, "Maji ya udhu walichota wapi?"

Kijana alifurahi. Alisema wageni wengi humwuliza mwaka tu. Akatupeleka nje, kwenye kisima na mahali pa kutawadhia, akatuonyesha mawe ya mviringo ya kusugulia nyayo. Mama aliinama akalipapasa moja. Watu walikuwa wakitoka chomboni, alisema, wengine wakitoka kuvua, wana tope na magamba ya samaki miguuni. Bila jiwe kama hili mkeka wa msikiti usingedumu. Akatazama ndani ya kisima muda mrefu. Msikiti huu ulibeba mamia ya watu, na kila mmoja alihitaji maji kwa kila sala, mara tano kwa siku, mwaka hadi mwaka. Hapakuwa na bomba. Kila tone lilivutwa kwa mkono wa mtu.

Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, ulitupa kivuli na nafasi ya kupumzika. Ndani ya kuba zake waashi walipachika mabakuli yaliyotiwa rangi ya kung'aa, yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mama aliona ni vizuri, ila akasema bakuli ni la kulia chakula.

Makutani ni jambo jingine. Ni makao ya masultani yaliyozungushiwa kuta karibu na maji. Sehemu zake ni za karne ya 15, nyingine ni za karne ya 18, mji ulipopata nguvu tena baada ya kudhoofika kwa muda mrefu. Nguvu hiyo ilitoka wapi, imeandikwa. Mwezi Septemba 1776 sultani wa Kilwa alifanya mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice, wa kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Ufaransa. Ghorofa unayoiona Makutani na mkataba huo ni vya zama moja. Kijana alitueleza hivyo wazi, mbele ya ukuta wenyewe, na nilimheshimu kwa hilo. Wapo waongozaji katika miji ya pwani wanaoliruka neno utumwa kama vile mgeni atakasirika.

Hapo pia ndipo unapoona bahari inavyoudai mji wake. Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara viliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakiula ufuo na kuta zikiporomoka. Viliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kulinda ufuo, na wanakijiji walikuwamo katika kazi hiyo. Mikoko iliyopandwa nayo inafanya kazi yake kimyakimya: inavunja wimbi kabla halijafika ukutani. Mama, aliyekuwa ameona mikoko ikikatwa kwao kwa kuni za tanuri, aliitazama ile midogo akasema ingefaa iachwe ikue mpaka wajukuu waikute.

Mchana tulikula kijijini, wali na pweza wa nazi. Mama hakukaa mkekani kungoja. Alikwenda jikoni, akapewa kigoda, akakuna nazi pamoja na wenyeji, na kwa muda wa kupika wali alikuwa amejua maji yatakupwa saa ngapi, pweza wanapatikana mwamba upi, na kisima kipi ni cha kunywa na kipi ni cha kufulia. Mimi nilikuwa nje na kijana, tukiangalia watoto wanaorudi na ndoo kichwani. Tulipoondoka, mama alikuwa ameshapata dada na wapwa pale, na mmoja wao alitusindikiza hadi mwisho wa nyumba.

Safari ya alasiri ndiyo niliyoitaka zaidi. Kutoka mjini hadi Husuni Kubwa ni zaidi ya kilomita moja kuelekea mashariki, kwa njia ya miguu inayopita mashambani, chini ya mibuyu na katikati ya vichaka. Husuni Kubwa ni jumba la huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman aliyepanua msikiti. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wake, na aliacha kisa kimoja ambacho kila anayeandika kuhusu Kilwa hukirudia. Nilikuwa nimekihifadhi kichwani makusudi ili nimsimulie mama tukiwa njiani, kwa sababu ni kisa cha njiani.

Nikamweleza hivi. Sultani huyu alisifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ijumaa moja alitoka kuswali, akawa anarudi nyumbani kwake. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akamwitikia. Akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa fakiri zile alizoziomba. Watu wakastaajabu na kumsifu. Mtoto wa sultani akazichukua nguo zile kutoka kwa fakiri na kumlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyoshukuru kitendo chake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mama alikuwa akinisikiliza huku anatazama anapokanyaga. Alitembea hatua kadhaa.

"Ishirini," alisema. "Watu ishirini kwa vazi moja."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Na majina yao yameandikwa?"

"Hapana."

"Basi wenzao ndio waliovuta maji tuliyoyaona kule."

Kijana alikuwa mbele yetu akisukuma matawi kando ili mama apite. Aligeuka akasema, "Mama, sisi wa hapa hatujui kama ni kizazi cha sultani au cha wale ishirini. Nadhani ni vyote viwili." Mama akamjibu kwamba kila mtu wa pwani anaweza kusema hivyo, na aliyesema vinginevyo aulizwe mama wa bibi yake alitoka wapi.

Kisa hicho nakisoma tofauti tangu siku ile. Mgeni wa sultani aliandika kuhusu mtoaji na mpokeaji, akaeleza nguo, sala na sifa za watu. Watumwa aliwaandika kwa idadi, kwenye mstari mmoja na pembe za ndovu. Simlaumu kwa kutokuona. Hivyo ndivyo watu wa ngazi yake walivyoona, Kilwa na kwingineko. Lakini sisi tunaotembea njia hiyo leo hatulazimiki kuona kama wao. Njia ni ndefu vya kutosha kwa mtu kujiuliza nani alitembea nyuma ya sultani, nani alibeba kiti, nani aliharakisha mbele kwenda kujaza mtungi kabla bwana hajafika. Kwa boti, mwendo huo ni dakika chache za upepo usoni, na swali halipati nafasi ya kuzaliwa.

Husuni Kubwa imejengwa juu ya jabali linaloitazama bahari. Ina vyumba zaidi ya 100. Upande wa kusini kuna uwanja mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo vilikuwa maghala, na upande wa kaskazini, kuelekea majini, yako makao yenyewe, baraza la sultani na ngazi za kushukia ufukweni. Sehemu nyingine hazikumaliziwa kamwe, na jumba halikukaliwa kwa muda mrefu. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, ndiye aliyeufunua mpango wa jumba hili kwa sehemu kubwa. Kutoka juu unaelewa kwa nini mahali hapa palichaguliwa: chombo chochote kinachoingia kwenye mlango wa bandari kinaonekana kutoka hapa kabla hakijatia nanga. Dhahabu ya Sofala ilipita kwenye maji hayo kwenda kaskazini, na vyombo vya udongo vya China vilipita kuja. Sarafu za shaba zilizofuliwa Kilwa zilisambaa kiasi kwamba mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliziokota kadhaa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko bado ni mjadala wa wataalamu.

Kisha tukafika kwenye bwawa. Ni la pembe nane, limetengenezwa kwa ustadi, na wengi hulipiga picha kuliko kitu kingine chochote pale. Jua lilikuwa limepungua makali. Mama akaketi ukingoni, akalitazama urefu na kina chake, akaanza kupiga hesabu kwa ndoo, jinsi alivyozoea kuhesabu maji ya kuzimia chokaa: ndoo moja kichwani, kutoka kisimani hadi hapa, kwenda na kurudi, asubuhi hadi jioni, wasichana wangapi, siku ngapi. Hesabu yake haikufika mwisho. Alisema tu, "Hili si bwawa la mtu anayechota maji mwenyewe."

Sina cha kuongeza kwenye hukumu hiyo, nami nasisitiza kwamba haikunipunguzia mapenzi yangu kwa Kilwa. Niliwapenda waashi zaidi, na waliobeba mawe yao, na wachoma chokaa waliokesha kulinda moto. Watoto wetu wanafundishwa kujivunia miji ya kale ya pwani, na ni haki yao. Ila fahari inayoishia kwa sultani ni nyembamba mno kwa mji mkubwa hivi. Mji ulikuwa na watu wa kila namna, na sehemu kubwa ya tunachokiona ni kazi ya wale ambao hawakuandikwa.

Tulirudi kwa njia ile ile. Mama alichoka, tukapumzika chini ya mbuyu, akala chungwa, tukaendelea.

Tangu hapo swali lake nimelichukua kila ninakokwenda. Katika Mji Mkongwe wa Unguja nilipoingia Hamamni, mabafu ya kale ya umma, nilitafuta kwanza maji yalikotoka, nikakutana na habari ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na mfereji wake wa kuleta maji kutoka chemchemi za nje ya mji. Lamu niliwaona samaki wadogo wanaofugwa ndani ya mabirika ya misikiti ili wale viluwiluwi vya mbu, na nilijua natazama akili ya watu waliokaa na maji yao kwa vizazi vingi. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, nilisimama juu ya visima virefu na kusikiliza maelezo ya wataalamu wanaodhani kwamba kushuka kwa maji ni mojawapo ya mambo yaliyowahamisha wenyeji. Mwaka wa kujengwa jumba ni muhimu, nami bado nauandika daftarini. Maji huniambia waliojenga waliishi vipi, na nani aliwatumikia.

Wewe unayepanga likizo, usidhani Kilwa ni ya watalii kutoka mbali. Safari ya kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 300 kwa lami, na nauli ya basi ni ndogo kuliko ya kwenda sehemu nyingi tunazozisifu. Vaa viatu vinavyoshika ardhi, beba maji, lipia kibali na mwongozaji wa kisiwani, na ule chakula kilichopikwa na wenyeji. Anza na Gereza asubuhi. Alasiri, jua likipungua, toka Msikiti Mkuu uende Husuni Kubwa kwa miguu, usikubali kupelekwa kwa boti. Na kama una mzazi aliyewahi kuchoma chokaa, kuvuta maji, kukata boriti au kusuka makuti, mpeleke angali ana nguvu za kutembea, umwache atangulie kuuliza.